Mama, Ondoa Sufuria Ile Motoni

Gihundwe, Kamembe
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Nakuamkia kutoka huku mlimani, nikiomba magoti yako yawe yamekubali kukupeleka kanisani na kukurudisha. Lile bati la upande wa jikoni lililong'olewa na upepo wa ziwa, je, Kaka Bonifasi amelipigilia, au angali anasema kesho? Sikio la kushoto linasikia? Umeacha kutia mafuta ya taa ndani yake kama nilivyokusihi? Nijibu yote. Usinijibu kwamba mko wazima tu. Kalemie nzima ni wazima mpaka mtu apewe jeneza.

Adela, mdogo wangu, wewe ndiwe utakayemsomea. Naijua tabia yako: barua ikiwa chungu unaruka mistari na kumwambia Mama kwamba nasalimia sana. Safari hii soma kila neno, hata linalokuchoma. Ukiruka, kuna mtoto wa watu atakayelipa.

Simu nimeikataa makusudi, Mama. Simu yako huwekwa sauti ya juu katikati ya ua, na mtaa mzima hujibu kabla yako. Barua haikatiki, na haina jirani wa kuidakia maneno. Ndiyo maana nimempa Maman Esperansi, yule muuza ndagala wa Uvira, aishushe mpaka bandarini na kuikabidhi kwa watu wa meli anaowaamini.

Sisi hapa tunapumua. Bado nafundisha kemia na biolojia katika shule ile ile, na bado nagombana. Nimegombana na mkuu wa nidhamu kwa sababu ya fimbo. Nimegombana na mchungaji, nitakueleza. Nimegombana na redio, ambayo hainijibu. Nsimire ameacha kuvuka mpaka kwenda sokoni Bukavu kwa sababu hatuna wa kumwachia mtoto, na mke aliyezoea kuuza akifungiwa nyumbani hunyamaza kwa namna inayotisha kuliko kelele.

Riziki ametimiza miaka tisa. Unamkumbuka kabla ya ile malaria iliyompanda kichwani, alipokuwa kifuani mwako wewe na si kwangu. Kifafa kilikuwa kikimjia kwa nadra, tukakizoea. Tangu mvua za safari hii zianze, kinamwangusha darasani, chooni, mezani kijiko kikiwa mdomoni. Wenzake hawanywi tena kwenye kikombe alichokigusa. Wanasema povu linaambukiza. Nilikwenda darasani kwao nikakinywea kikombe kile mbele yao wote. Walinitazama kama mtu aliyekunywa dawa ya panya, na kesho yake wakanikwepa hata mimi. Basi ujinga wa watoto una wazazi, Mama, na wazazi wale wanavaa tai.

Sasa nifike kwenye chupa uliyotuma.

Maman Esperansi aliivusha Kamanyola katikati ya magunia ya ndagala, akapita nayo sokoni Bugarama, akapanda nayo gari mpaka kwetu bila kuitua. Alimwambia Nsimire mlangoni, akikutaja wewe bibi wa mtoto: "Koko ametuma mawese ya mutoto. Amesema isipite mu mukono ya muntu mwengine, nikupatie weye mwenyewe." Akacheka, akaomba maji, akaenda zake. Yule mama hakujua amebeba nini! Mama, kwa sheria ya nchi hii, chupa ile ingemtoa kwenye meza yake ya samaki na kumtia gerezani muda mrefu mno, na watoto wake wangelelewa na nani? Wewe ulimwambia ni mawese. Ni kweli ilikuwa mawese. Nusu ya ukweli ndiyo inayowafunga watu.

Mimi nilikuwa shuleni, kwenye masomo ya Jumamosi. Nsimire hakunificha kwa ubaya. Alinificha kwa kuwa ananijua: ningeinusa, ningehutubia, kisha ningeimwaga. Akampa mtoto kijiko baada ya chakula cha mchana, kama ulivyomwelekeza. Akakaa kumtazama. Mtoto anapanga maganda ya maharagwe sakafuni, haoni tofauti. Akangoja, bado hakuna kitu. Akasema moyoni kwamba koko amemkadiria Riziki kama angali mdogo, akamwongeza kijiko cha pili, kilichojaa.

Niliporudi nilimkuta mtoto anacheka. Nilifurahi, Mama. Nilisimama mlangoni na vumbi la chaki mikononi nikafurahi, maana kicheko chake tulikuwa tumekisahau. Kisha nikaona hakuna anachokichekea, na machozi yanamtoka. Akanishika shati kwa mikono miwili.

"Papa, ukuta inapumua. Uambie ukuta iache."

Niliweka kiganja kifuani mwake. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa kuku aliyekamatwa. Macho yamekuwa mekundu, midomo imekauka. Nikamwuliza Nsimire amekula nini, akasema wali. Tukiwa bado tunaulizana, mtoto akalegea shingo na mwili wote. Nikamwita, nikampiga kofi dogo, nikammwagia maji. Haamki. Nikamtia mgongoni, Nsimire akamfunga kwa kitenge, na tukakipanda kile kilima cha hospitali bila hata kusimamisha pikipiki za abiria, ingawa zilitupita.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, anasema Kiswahili chetu hasa.

"Amekula nini?"

"Wali na maharagwe," Nsimire akasema.

"Na nini tena?"

"Na mawese kidogo."

"Maman, mawese haifanyaka mutoto vile." Alikuwa anampima mtoto huku anasema, hakututazama. "Sikia. Sitaita polisi. Mimi niko daktari, niko nauliza juu ya mutoto. Ukinidanganya, nitamupatia dawa yenye itagombana na ile yenye iko mu tumbo yake, ataacha kupumua hapa mbele yako. Mawese ya nini?"

Nsimire akaitoa chupa kwenye kitenge. Kumbe alikuja nayo. Daktari akafungua kifuniko, akainusa, akatamka jina lake kwa Kinyarwanda: "Urumogi." Bangi, Mama. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Na imepikwa muzuri kabisa. Huyu mwenye alipika anajua kupika." Ndipo akanigeukia. "Prof, si weye njo unafundishaka chimie kwa ile shule ya barabarani?"

"Ndiyo mimi."

"Basi wakati tunangoja, eleza bibi yako."

Nikaeleza. Kwenye benchi la korido, mtoto akiwa na mpira wa hewa puani, nilimweleza mke wangu kemia, na hakunitazama hata mara moja. Sasa nakueleza wewe. Usikasirike kabla sijamaliza.

Adela alinipa habari baadaye: yule mtu wa sauti za WhatsApp anayejiita daktari alisema majani yatwangwe mabichi, yakorogwe kwenye maji baridi, mtoto anywe. Wewe ulikataa. Ulisema, nani anampa mtoto mgonjwa majani mabichi kama mbuzi? Ukayatendea kama sombe. Ukayatwanga, ukayachemsha, ukayamiminia mawese, ukayaacha kwenye moto mdogo mpaka jioni, ukayachuja kwa kitambaa safi. Na kwenye sombe una haki, Mama, una haki kuliko vitabu vyangu! Jani la muhogo likiwa bichi lina sumu ya kuua. Mama zetu waliijua sumu hiyo kabla haijapewa jina, wakaitoa kwa kinu na kwa moto. Mwanamke anayeivisha sombe nusu nusu huitwa mchawi, na huitwa hivyo kwa haki.

Lakini jani la bangi linakwenda kinyume chake. Likiwa bichi, kile kinacholevya ndani yake hakijafunguka bado. Kimebeba kipande cha ziada, kama mtu aliye mlangoni na mzigo mpana asiyeweza kupita. Moto ndio unaomtua mzigo. Akishatuliwa anaingia mpaka kwenye ubongo, na huko anashika usukani. Tena kitu hicho hakipatani na maji. Kingebaki kwenye makapi na ungeyatupa. Rafiki yake ni mafuta. Wewe ulikipa moto wa kutwa nzima na ukakipa mawese. Huo moto unaotoa sumu kwenye jani moja ndio unaoiamsha kwenye jani jingine, na hakuna mtu aliyekwambia. Yule wa WhatsApp hakukwambia kwa sababu hajui. Na sisi tunaojua tunaandika kwa Kifaransa.

Na Nsimire naye alidanganywa na tumbo. Anayevuta moshi hulewa kabla hajautoa. Anayekula hungoja saa moja, mbili, kitu kipite tumboni kifike kwenye ini, na ini, badala ya kukipunguza, linakigeuza kuwa kikali zaidi. Kijiko cha kwanza hakikuwa dhaifu. Kilikuwa njiani.

Hapa ndipo wenye elimu wenzangu wangesimama, wakukemee, wafunge kitabu. Mimi sisimami, kwa sababu wao nao ni waongo. Wanasema jani lile ni la shetani basi. Si kweli. Ndani yake kuna kampaundi zaidi ya mia, na mbili ndizo watu wanazozipigania. Moja ndiyo ile inayolevya, inayopoteza kumbukumbu, inayotia hofu na kuukimbiza moyo. Vitabu huiita kwa herufi tatu, THC. Hata hiyo ina kazi yake: wagonjwa wa saratani wanaotapika kutwa hupewa, wakala. Ya pili inaitwa kanabidioli. Hiyo hailevyi. Hiyo, ikisafishwa na kupimwa kwa tone, hupewa watoto wenye kifafa kigumu katika hospitali za mbali, na baadhi yao huanguka mara chache kuliko zamani. Si wote. Nayo huleta usingizi, huchosha ini, hugombana na vidonge vingine. Lakini ni dawa, Mama. Aliyekwambia kuna dawa ndani ya jani hakukudanganya. Alikudanganya aliyekwambia jani ndilo dawa.

Kampaundi hizi mbili huzaliwa na mama mmoja ndani ya mmea. Mmea unaomlisha huyu sana humnyima yule. Na bangi ya milima yetu, inayopita kwenye mitumbwi na kwenye mikeka, imechaguliwa mbegu kwa mbegu na watu waliotaka kulewa. Wamemlisha THC vizazi na vizazi. Ile ya kumfaa Riziki haimo, au imo kama chumvi ndani ya mto. Ungepika vizuri, ungepika vibaya, ungesali juu ya sufuria, haimo.

Mtoto aliamka kesho yake. Aliomba uji. Daktari akamwongezea vidonge vyake vya kifafa, akatuonya, akatuachia twende. Polisi hakuita. Ukimwombea mtu, mwombee huyo.

Halafu ikaja wiki ile iliyoharibu kila kitu.

Riziki hakuanguka. Alilala vizuri, alikula, aliimba na mama yake wakichambua maharagwe. Nsimire alizaliwa upya. Akakupigia simu, na najua alisema nini, maana nilikuwa uani nikimsikia: "Maman, ile dawa iko nguvu! Mutoto aliteseka siku moja tu, sasa ameacha kuanguka. Mungu amewaona." Na simu yako ikiwa kwenye sauti ya juu, Kalemie ikasikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na sikumnyang'anya simu. Ningemnyang'anyaje? Ni yeye anayemsafisha mtoto akijikojolea. Nilitaka naye awe na wiki moja.

Kwa nini hakuanguka? Huenda ni vidonge vilivyoongezwa. Huenda kichwa kilikuwa bado kimelala kwa mabaki ya mafuta yale. Kifafa nacho huwa kinapumzika chenyewe, kama kilivyopumzika mara nyingi kabla. Huenda jani lilifanya kidogo. Sijui, Mama. Mimi niliyegombana na kila mtu kwa ajili ya kujua, nakuandikia kwamba sijui.

Mchungaji wa kanisa la jirani alikuja wiki hiyo hiyo kumshukuru Mungu nyumbani kwetu, akasema pepo ametoka, tumalizie na kufunga. Nikamwambia, "Mchungaji, pepo huyu hupungua akipewa fenobabitali. Ni pepo gani anayeogopa kidonge?"

"Prof, shetani anajua kujificha."

"Basi ajifiche kwako kidogo, mtoto wangu apumzike."

Nsimire alinikanyaga mguu chini ya meza. Mchungaji alicheka kwa adabu, akamaliza chai, na hajarudi. Jirani yetu Mzee Karoli, aliyezeeka kwenye kiwanda cha saruji kule Muganza na sasa anakohoa vumbi lake, alimsindikiza kwa macho, akaniambia kwa sauti ya chini: "Prof, ile jani unajua serikali imeruhusu balime? Nyuma ya senyenge, na balinzi, iende ng'ambo kufanywa dawa. Mimi nikishika moja, niko muhalifu. Tajiri akishika shamba nzima, yee ni investisseur, mwekezaji." Tukacheka mpaka akakohoa. Nilipoingia ndani nikatafuta kalamu. Kulima kumeruhusiwa, kutumia ni kosa. Jani linaota kwenye udongo huu, linavuka mipaka, linakutana na wenye mashine, linatoka humo likiwa dawa ya watoto wa kwingine. Chupa yake ikirudi hapa sijaiona, na duka la dawa la hapa halijaiona. Kahawa tuliipanda hivyo hivyo, tukanywa maganda! Nilitaka kuandika gazetini. Nilianza. Nikasikia kishindo jikoni.

Lilikuwa anguko refu kuliko yote niliyoyashuhudia. Nitakunyima maelezo yake. Lilipokwisha na tulipomtoa tena hospitali, mtoto hakuwa yule aliyeingia. Maneno yamemkimbia. Kikombe anakiita "ile". Mlango anauita "ile". Anakuonyesha kitu kwa kidole, anafungua mdomo, anangoja, na unaona anatafuta ndani kama mtu aliyepotezewa funguo gizani. Daktari alinieleza taratibu: kovu la malaria ile ndilo linalowasha moto, na kila anguko refu linaweza kuchukua kitu.

Nikamwuliza kuhusu ile kanabidioli safi. Nilimwuliza kama mwombaji, Mama, nilimshika mkono.

"Prof, iko," akasema. "Lakini haiko hapa. Na ilipimwa kwa kifafa ya aina ingine, si ya kovu ya malaria. Hata ungeipata leo, singekuahidi kintu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mumupe vidonge kila siku, msikose. Na mumupende."

Nilitaka kumtukana kwa neno hilo la mwisho. Nilimshukuru.

Tulipofika nyumbani Nsimire alimlaza mtoto, akatoka, akaniuliza kwa utulivu kama tunaweza kukuagiza chupa nyingine. Nikaanza kueleza. Nilianza na moto na ule mzigo wa mlangoni, nikafika kwenye ini. Akanikatiza.

"Papa Riziki, weye unajua jina ya kila kintu chenye kiko mu ile chupa."

"Ndiyo, ndiyo maana nakwambia..."

"Sasa lete yenye inafaa." Sauti haikupanda. "Uko na vitabu mingi mpaka kitanda inaegemea. Lete basi! Ile wiki mutoto alilala. Hata kama ilikuwa sumu, alilala, na mimi nililala. Weye umetupatia nini?"

Mimi ninayejibu mapadri, wakaguzi na redio, nilichukua koti langu. Nilitoka nikakaa ukutani mpaka jirani akaniuliza kama nimefungiwa nje.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii. Adela ameniambia kwamba Mama Sifa, jirani yako, alichukua mafuta yale kwa ajili ya mwanawe anayeanguka, na kwamba kwa kuwa yalimtuliza amemwachisha vidonge vya hospitali. Ameniambia pia kwamba wanawake wengine wanakuja na vikombe, na sufuria imerudi motoni.

Ondoa sufuria ile motoni, Mama. Leo, kabla Adela hajamaliza kusoma. Chimba shimo nyuma ya choo, mwaga yote, funika. Usimpe mtu hata wa kujipaka. Mama Sifa umwendee mwenyewe, kwa miguu yako, usimtume mtu. Mwambie mtoto arudishiwe vidonge vyake na ampeleke hospitali aseme kweli yote, kwa maana vidonge vile vikikatwa ghafla huleta kifafa kinachofuatana bila kukoma, na hicho huua. Atakutukana. Atasema mjukuu wako aliye ugenini amepona na sasa unawanyima wengine. Mweleze kwamba Riziki hajapona. Mweleze kwamba hataweza kupona. Ukishindwa kulitamka, mpe barua asome.

Usijiite muuaji. Nakujua, utajifungia, utakataa kula. Ulifanya kile ambacho mama mwenye akili hufanya na jani asilolijua: uliliivisha. Kosa ni la wale waliotuacha tupike gizani, na mimi nimo miongoni mwao, maana mara zote nilizokuja likizo nilibishana na Kaka Bonifasi juu ya marais, na sikuwahi kukaa nawe jikoni nikueleze jani hata moja.

Kama magoti yatakubali, panda meli uje. Usije na dawa, usije na kitu chochote. Jana nilimwonyesha Riziki picha yako ile ya ubatizo. Alikaa nayo muda mrefu. Akasema, "Koko." Kisha akaniomba radhi: "Nilikuwa nayitafuta." Sijui neno hilo atalipata mara ngapi tena. Daktari hajui. Njoo likiwa bado lipo.

Msalimie Kaka Bonifasi, mkubwa wangu, na bati lake la kesho. Msalimie Mjomba Katekista, mwambie nimesali safari hii bila kubishana, ingawa sijasikia jibu. Msalimie mume wa Adela, fundi wa mitambo ya meli, nimshukuru mapema kwa nafasi atakayokutafutia. Na Mama Sifa, ukishamweleza, mpe mkono wangu kama ataupokea.

Salamu za Nsimire sina. Nilimwambia nakuandikia, akasema atakupigia mwenyewe. Huenda amekwisha kukupigia kabla barua hii haijafika, nawe umeshamwahidi. Atalia, Mama. Atakwambia ni kijiko kimoja tu, kidogo, safari hii hatazidisha. Mkatalie. Wewe ni mama mkwe wake, atakuchukia, lakini atakusikia. Mimi siwezi tena kumkatalia, kwa sababu sina cha kumpa badala yake.

Mwanao,
Deogratias